Vipuri bandia vizuiwe bandarini

Vipuri hafifu vya magari vizuiwe bandarini, kabla havijafika kwenye maduka ya Kariakoo.

Beringi ya klachi ni kitu kidogo cha bei nafuu, lakini ikifa, fundi haifikii mpaka ashushe giaboksi nzima. Akiwa amefunga ya bandia bila kujua, kazi hiyo hiyo huirudia, mara nyingi bila malipo, kwa kuwa mteja humlaumu yeye, si muuzaji. Hiyo si haki hata kidogo.

Wakati kazi ikirudiwa, daladala nayo imelala karakanani, na dereva hana hesabu ya kumpelekea tajiri.

Wenye dhamana ya viwango wakague makontena, wapime sampuli madukani, na muuzaji wa kipuri kibovu alipe hadi gharama ya ufundi. Waanze sasa.