Hati za Deni Topeni

Habari za Warumi kwa kawaida huanza na makaisari na majeshi yao. Toleo hili linaanzia topeni, kando ya mto Thames jijini London, na sioni haja ya kuomba radhi.

Tarehe 8 Januari mwaka 57, Tibullus, mtumwa aliyekwisha kuachwa huru, aliandika kwenye kibao kwamba anadaiwa dinari 105 na Gratus, naye aliyepata kuwa mtumwa, kwa bidhaa alizouziwa na kukabidhiwa. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa kama miaka 10 tu, na tayari watu wanakopeshana! Kibao hicho ni kimoja kati ya zaidi ya 400 vilivyofukuliwa tangu 2010 hadi 2013 penye bonde la Walbrook, kijito kilichomwaga maji yake Thames. Vingi vilichongwa kwenye mbao za mapipa makuukuu, vikajazwa nta. Nta imetoweka, lakini ncha ya kalamu ilikuwa imepenya hadi kwenye ubao, na msomi Roger Tomlin akaifuatilia mikwaruzo hiyo herufi kwa herufi.

Mbao hizo hazikuoza kwa sababu tope lililoloa halina hewa. Kwa sababu hiyohiyo magogo ya mwaloni ya gati za Kirumi yamedumu, na pete zake humwambia mtaalamu mti ulikatwa lini. Warumi walijenga gati, wakajaza udongo na taka nyuma yake, kisha wakajenga nyingine mbele zaidi. Ukingo wa leo uko kama mita 100 kusini mwa ule wa kwanza. Anayechimba hapo, kwa sehemu kubwa, anachimba jalala.

Wapo watakaosema bandari hiyo ni ushahidi wa neema. Neema ya nani? Mwaka 1994, jirani na Walbrook, kilipatikana kibao cha mauzo ya msichana aitwaye Fortunata, kutoka kaskazini-magharibi mwa Ufaransa ya leo. Bei yake dinari 600, mara mbili ya mshahara wa askari kwa mwaka, au zaidi. Muuzaji anamdhamini kuwa ni mzima na hana tabia ya kutoroka. Mnunuzi, Vegetus, alikuwa mtumwa wa Montanus, naye Montanus mtumwa wa kaisari.

Makala yetu ya kwanza inaanza na Fortunata.