Mahakama ya Kadhi na Majira ya Kura

Liko jambo ambalo twaliona likifufuka kila kura zikaribiapo, nalo ni Mahakama ya Kadhi. Kura zikisha kuhesabiwa, hulazwa tena.

Tuitazame Kenya. Makadhi walikuwako pwani tangu enzi za Sultani, na mwezi wa Oktoba 1963 Bwana Jomo Kenyatta alimwandikia Waziri Mkuu wa Zanzibar, Sheikh Muhammad Shamte, kuahidi kwamba mamlaka yao yatahifadhiwa. Yakaandikwa katika Katiba ya uhuru. Miaka zaidi ya 40 Makadhi waliamua ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, wala hawakumhukumu asiye Mwislamu. Hata hivyo, ilipokaribia kura ya Katiba mpya ya tarehe 4 Agosti 2010, baadhi ya wapinzani wa Katiba hiyo waliifanya mahakama hii kitisho, kana kwamba imezaliwa jana. Wapigaji kura wapata 67 katika kila 100 waliikubali Katiba, na Makadhi wakabaki.

Tanzania Bara palitumika ahadi badala ya kitisho. Ilani ya C.C.M. ya mwaka 2005 ilisema suala hili litapatiwa ufumbuzi. Mwaka 2015, kura ya maoni ya Katiba ikingojewa, mswada uliletwa Bungeni, kisha ukaondolewa. Huku watu walitumaini, huku waliogopa, na majirani waliozoea kuzikana wakatazamana kwa shaka. Je, mjane aliyenyimwa fungu lake la mirathi alipata nini?

Hatuwalaumu wanasiasa peke yao. Wamo miongoni mwetu wawapishao mimbari kwa kupewa mazulia ya msikiti. Wala Mkristo jirani si adui yetu. Naye ametishwa kama sisi tulivyoahidiwa.

Enyi vijana, Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamuru kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Basi akija mgombea na jambo la dini, mwulizeni: Ulilisemea wapi kabla ya kampeni? Utalitimiza kwa sheria gani, na lini? Akikosa jibu, mwageni kwa adabu, kura mkabaki nayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona. Amin.