Chale si Ushenzi. Ushenzi ni Kumtia Mtu Alama kwa Nguvu



Katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo kuna maneno ambayo hayafai kuachwa yapite hivi hivi. Kijana akionekana pale Nyakanazi ana tatuu mkononi, huitwa mhuni. Bibi mwenye chale za zamani huitwa mshamba. Na anayesema hivyo mara nyingi ndiye yule yule ambaye usiku humpeleka mtoto wake mchanga kwa mganga akachanjwe kwa wembe. Fikira zetu zimevurugika, na yatupasa kuzinyoosha.

Kwanza, habari ya ushenzi. Mwenye dini ashike dini yake. Torati, katika Mambo ya Walawi 19:28, hukataza kujichanja kwa ajili ya wafu, na Uislamu nao hukataza kujichora. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na mkoloni aliyetutazama ngozi na kutucheka. Mwaka 1881 mwana wa kifalme wa Uingereza, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akisafiri na manowari, alifika Japani akachorwa joka mkononi. Kijana huyo baadaye akawa Mfalme George wa Tano, na kwa jina lake tulitawaliwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1936. Je, kuna Bwana Shauri aliyemwita mfalme wake mshenzi?

Tena katika karne hiyo hiyo ya 19, jeshi la Waingereza lilikuwa likiwatia askari watoro herufi D mwilini, ili aibu yao isifutike. Ngozi ni ngozi, na alama ni alama. Lakini mmoja alijichagulia, na mwingine alichaguliwa. Hapo, ndugu zangu, ndipo penye kiini cha jambo lote.

Binadamu amejitia alama tangu zamani sana. Mwaka 1991, katika milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, ilionekana maiti ya mtu iliyohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Mwilini mwake zilihesabiwa alama 61, nyingi zikiwa karibu na viungo na mgongoni, mahali ambapo mtu huumwa. Wataalamu wengi wanadhani zilikuwa za tiba. Basi mzungu huyo wa kale angefika Biharamulo akiumwa goti, angemwelewa mganga wetu bila mkalimani!

Wenzetu Wamakonde walichanja nyuso zao kwa ustadi mkubwa, na Wamaori wa New Zealand walichora usoni habari za ukoo na cheo cha mtu. Sababu zake si ngumu. Mtu hutaka kuwa na watu wake. Hutaka kumkumbuka aliyekufa. Hutaka kinga dhidi ya asichokiona. Maumivu nayo yana kazi yake: kijana aliyevumilia wembe mbele ya wenzake hujiona amekuwa mtu mzima, na wenzake humhesabu hivyo.

Lakini alama hiyo hiyo ikishikwa na mwenye nguvu hugeuka pingu. Watumwa walichomwa chuma cha moto ili bwana wao ajulikane. Huko Auschwitz, kuanzia mwaka 1941, Wajerumani wa Hitler waliwachanja wafungwa namba, mtu akawa hana jina tena.

Na sisi wa Ngara hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwaandikia jirani zetu wa Rwanda kadi zenye jina la kabila: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Hiyo nayo ilikuwa chale, ila ilichanjwa kwenye karatasi. Mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja likatosha kumuua mtu. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Wazee wetu waliowapokea wanajua alama ya kulazimishwa humfikisha mtu wapi.

Kwa hiyo nasema mambo matatu.

La kwanza ni la watoto. Mtoto mchanga hawezi kusema ndiyo wala hapana, na wembe uliopita kwa mwenzake huweza kumletea UKIMWI au homa ya ini. Tusisahau kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa wetu huu wa Kagera, mwaka 1983. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati. Na mtu mzima akitaka chale au tatuu kwa hiari yake, wembe au sindano yake iwe mpya, isitumiwe na mwingine.

La pili ni la vijana. Tusiwahukumu kwa mikono yao iliyochorwa. Tuwapime kwa kazi ya mikono hiyo. Lakini nanyi vijana fikirini kwanza. Matangazo ya ajira za polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Wino wa siku moja huweza kukufungia mlango wa miaka thelathini. Hiari pasipo kufikiri si hiari.

La tatu ni letu sote. Mtu asiulizwe kabila lake kwa kutazamwa pua, kimo wala chale, iwe sokoni, ofisini au kwenye mkutano wa chama.

Zamani neno nembo lilikuwa na maana ya alama za kabila zilizochanjwa usoni. Leo tukisema nembo, wengi hufikiri ile ya Taifa: mwanamume na mwanamke wamesimama kando ya ngao, na wala hatuambiwi ni wa kabila gani. Neno limehama kutoka usoni mwa mtu mmoja likawa la watu wote, na hakuna aliyechanjwa ili aingie ndani yake. Chini yake yameandikwa maneno mawili ambayo kila mmoja wetu aweza kuyashika kwa hiari yake:

Uhuru na Umoja.