Swali la Binti wa Darasa la Sita: Maoni Yetu juu ya Nyimbo za Matumaini Yaliyovunjika

Wanachuo hurudi kutoka mazoezi ya kufundisha wakiwa na malalamiko tuliyokwisha kuyazoea: vitabu havitoshi, watoto ni wengi, ubao umechakaa. Hayo yameandikwa mara nyingi. Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo mwanachuo haliandiki katika ripoti yake, kwa sababu anayekutwa nalo huona haya.

Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa moja la sita, katika shule iliyo mwendo mfupi kutoka soko la Mchikichini, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la Karume. Mwanachuo alikuwa akifundisha ufahamu. Habari aliyoiandika ubaoni kwa hati safi ilieleza kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Akauliza maswali yake matano, yakajibiwa yote matano. Halafu binti mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, kaka yangu ana shahada, na anauza viatu vya mtumba hapo Karume. Ufunguo wake ulikosa kitasa?" Darasa likacheka. Mwanachuo naye akacheka kidogo, kisha akasema kwamba swali hilo halimo katika habari waliyosoma, akafuta ubao. Nasi tuliokwenda kumpima tukampa alama nzuri kwa matumizi ya ubao na kwa kutunza wakati.

Alama hizo zatusuta hadi leo. Tumemfundisha mwanachuo kuandika andalio la somo, kutayarisha zana na kupanga vikundi. Hatukumfundisha afanye nini mbele ya mtoto aliyeona kwa macho yake kwamba jambo lililoahidiwa halikutimia. Na mtoto wa Mchikichini huona mapema. Kabla ya kengele ya kwanza amekwisha pita kwenye mabelo ya nguo yanayofunguliwa alfajiri, akawasikia wakubwa wakibishana bei, na miongoni mwa wabishani hao wamo waliosoma kuliko mwalimu wake. Moto ulipoliteketeza soko hilo mwezi Januari 2022, watoto waliwaona watu wazima wakilia hadharani. Mtoto wa namna hii hawezi kudanganywa kwa methali, hata iandikwe kwa hati nzuri namna gani.

Maoni yetu ni kwamba masomo yetu ya lugha yana upungufu mmoja mkubwa: yamejaa matumaini matupu. Habari zote huisha vizuri. Mvivu huadhibiwa, mwenye bidii hupata tuzo, kijiji hupata maji. Wala hatusemi habari hizo zitupwe. Twasema kwamba lugha yetu ina hazina nyingine, nayo ni sauti ya mtu aliyetumaini, akavunjika moyo, na akasema hivyo waziwazi kwa ustadi. Sauti hiyo mtoto huisikia redioni na barabarani. Akifika shuleni huambiwa aiache mlangoni.

Tuchukue mfano wa Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, nchini Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Alifika wakati mgumu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeahidi usawa, na mwaka huohuo maandiko ya Elimu ya Kujitegemea yalikuwa yameahidi shule itakayomjenga mtoto aitumikie jamii yake. Ahadi hizo hazikuwa za bure; mwaka 1977 milango ya elimu ya msingi ilifunguliwa kwa watoto wote, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na makosa yetu wenyewe ya kuendesha uchumi vilileta foleni za sukari, sabuni na unga. Mwaka 1983 watu wasio na kazi maalumu walikamatwa mjini Dar es Salaam katika kampeni ya Nguvu Kazi. Kutoka mwaka 1986 nchi ilifuata masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mtu wa kawaida alibaki akijiuliza ni lini hasa mambo yaligeuka.

Ongala aliligeuza swali hilo kuwa muziki wa dansi. Wimbo wake Mnyonge Hana Haki unajieleza kwa jina. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na ziara ya WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka santuri yake iliyopewa jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo kwa ajili ya maskini. Humo umo wimbo Sauti ya Mnyonge, na mwingine uitwao Nasikitika. Santuri hiyo ilitolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa na Mwingereza Peter Gabriel, ambaye hadi mwaka 1975 alikuwa mwimbaji wa kundi la Genesis, mojawapo ya makundi makubwa ya muziki wa roki ule ulioitwa progresivu: nyimbo ndefu, na santuri nzima kusimulia kisa kimoja. Kwa hiyo mnyonge wa Dar es Salaam na roki ya Waingereza walikwisha kukutana studioni, na si sisi tunaowakutanisha hapa kwa nguvu.

Tumeitaja roki hiyo kwa sababu ndani yake mna santuri moja ambayo kila mwalimu angefaa kuijua, hata kama muziki wenyewe utamchosha. Ni The Wall ya kundi la Pink Floyd, iliyotoka Novemba 1979 katika sahani mbili. Yasimulia habari za mtu anayejijengea ukuta, tofali baada ya tofali, mpaka akatengwa na watu wote. Baba yake aliuawa vitani. Hilo ni tofali. Na walimu waliomdhihaki mbele ya wenzake ni tofali jingine. Wimbo wake uliovuma kuliko zote uliimbwa na watoto wa shule moja ya London, wakiikataa elimu ya namna hiyo. Walimu wengi wa Uingereza walikasirika. Sisi twadhani wangekaa kitako kwanza wakajiuliza ni tofali gani kila mmoja wao ameliweka.

Lakini hapa hatuna budi kutengana kidogo na Waingereza hao. Mwaka 1980, huko Afrika Kusini, wanafunzi waliogomea elimu duni ya ubaguzi waliuimba wimbo huo, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Je, watoto wale walikuwa wakikataa kufundishwa? Miaka hiyohiyo vijana wenzao waliokimbilia kwetu walikuwa wakijenga shule kwa mikono yao huko Mazimbu, Morogoro, ile iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Waliokataa masomo ya dhuluma ndio waliochanganya zege ili wapate masomo mengine. Mwanachuo anayeogopa kwamba wimbo wa manung'uniko utamfanya mtoto aichukie shule na autafakari mfano huo.

Tena Kiswahili hakikungoja redio kujifunza jambo hili. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unatazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na wageni, na kuuambia moyo uache kudanganyika. Jina lenyewe lina maana ya kufunuka. Twapenda wanachuo walizingatie neno hilo. Mara nyingi tunasema mtu "amekata tamaa" pale ambapo kwa kweli amefunukiwa. Aliyekata tamaa hukaa kimya. Aliyefunukiwa huuliza, kama alivyouliza binti yule.

Tunajua pingamizi. Mzazi mmoja atasema nyimbo za dansi ni za vilabuni. Ni kweli kwamba nyingine hazifai kabisa, na mwalimu ana wajibu wa kuchagua. Nyimbo za mapenzi na pombe zina mahali pake, napo si darasa la sita. Lakini tukumbuke kwamba Redio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo wa Ongala Mambo kwa Soksi, uliowahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa kondomu, na leo ni mtu gani atakayesimama kusema kwamba Ongala ndiye aliyekosea? Mwingine atasema kwamba mwalimu si mwanasiasa. Hilo nalo ni kweli. Haimpasi mwalimu kumwambia mtoto nani ana makosa. Yampasa kumsaidia mtoto kusema alichokiona kwa sentensi iliyokamilika na kwa hoja inayofuatana.

Namna ya kufanya si ngumu. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Katika kipindi cha kwanza watoto wasikilize wimbo mara mbili. Simu ya mwalimu yatosha kuwa zana, ila ajaribu sauti yake mapema, maana darasa lenye watoto wengi humeza sauti. Waandike maneno mapya na maana zake. Kisha waulizwe: anayesema ni nani, anamwambia nani, alitazamia nini, akapata nini? Swali la tatu ndilo zito, na mwalimu asiliharakishe. Nyumbani kila mtoto amwulize mtu mzima mmoja jambo alilolitazamia alipokuwa na umri wake. Kipindi cha pili kiwe cha majadiliano na insha fupi. Mwalimu asisahihishe huzuni ya mtoto; asahihishe tahajia.

Mwanachuo wetu alipewa darasa lilelile wiki iliyofuata, nasi tukarudi kwenye viti vya nyuma. Alikuwa amechagua Mnyonge Hana Haki. Alianza kwa kumwomba radhi yule binti mbele ya wenzake, jambo ambalo halikuwa katika andalio lake, wala sisi hatukumwagiza. Watoto walileta majibu ya nyumbani: bibi aliyetazamia kuwa mwuguzi, mjomba aliyetazamia kiwanda ambacho baadaye kilifungwa, dereva wa bajaji aliyesema alitazamia bajaji na akaipata. Binti alisema kaka yake alicheka aliposikia swali, kisha akanyamaza muda mrefu, kisha akamwambia kwamba hesabu za wachuuzi sita wa jirani ni yeye anayeziandika, ila hiyo sio kazi aliyoisomea. Mtoto mwingine akapinga kwamba hiyo nayo ni kazi. Wa tatu akauliza kama wachuuzi hao humlipa.

Katika fomu ya ukaguzi mna nafasi ya kuandika jinsi mwalimu alivyohitimisha somo. Tuliiacha wazi, kwa kuwa kengele ililia watoto wakiwa wangali wanabishana, na mwanachuo hakuwazuia.