Sauti ya Simba Imetoka Kwa Nani?



Juma lililopita tuliwaonyesha wanafunzi wetu sinema ya kuchorwa, ile ya mwana-simba aliyefiwa na baba yake. Wengi wenu mmekwisha kuiona. Ilitoka Marekani mwaka 1994, na baadhi ya majina yake yametwaliwa katika lugha yetu wenyewe: Simba, Rafiki, Pumbaa. Ilipokwisha, mwanafunzi mmoja wa darasa la tano aliinua mkono akatuuliza: «Bwana mwalimu, sauti ile ya mfalme Mufasa imetoka kwa nani? Maana simba wa kuchorwa hana koo.» Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali lilikuwa jema na jibu hatukuwa nalo tayari. Tulimwambia angoje. Leo twamjibu, naye atusamehe tukisema mengi kuliko alivyouliza.

Watu wengi hudhani ya kuwa wachoraji humchora mnyama kwanza, kisha hutafutwa mtu wa kumsemea. Katika kazi hizi za Marekani mambo huenda kinyume: sauti hutangulia. Mchezaji huingia katika chumba chenye kuta nene, mara nyingi yu peke yake, husimama mbele ya chombo cha kunasa sauti, akasoma maneno yake. Tena ayarudia mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine, mpaka mkuu wa kazi aridhike. Ndipo wachoraji huipokea sauti ile, huzisikiliza pumzi na vituo vyake, wakachora kinywa kinachoifuata. Pengine mchezaji hupigwa picha akiwa anasema, ili wachoraji wazione nyusi zake na mikono yake. Basi sauti ndiyo mifupa ya mnyama huyo, na mchoro ni nyama inayowekwa juu yake.

Mifupa ya Mufasa ilitolewa na James Earl Jones, Mmarekani mweusi, aliyefariki mwezi wa Septemba 2024, mwenye umri wa miaka 93. Enyi wanafunzi, sikilizeni habari ya mtu huyu. Alipokuwa mtoto alikuwa na kigugumizi kibaya, hata kwa muda wa miaka minane hivi alikuwa karibu sawa na bubu shuleni. Mwalimu wake mmoja aligundua kwamba kijana huyu alitunga mashairi. Akamwambia: ikiwa shairi hili ni lako kweli, lisome kwa moyo mbele ya wenzako. Kijana akasimama akalisema lote, wala ulimi haukukwama. Tangu siku ile akaanza kujizoeza kusema, na sauti iliyokuwa imefungwa ikawa mojawapo ya sauti zinazojulikana sana duniani. Sisi walimu tukumbuke habari hii tukutanapo na mtoto asiyejibu.

Lakini jibu hilo halitoshi, maana wanafunzi wetu waliona sinema ile kwa Kifaransa. Mufasa waliyemsikia wao ni Jean Reno, mchezaji wa Ufaransa aliyezaliwa Casablanca, naye pia ni mtu wa jina kubwa. Hivi simba yule mmoja ana makoo mawili, na katika nchi nyingine anayo mengine. Ndipo tukajiuliza swali ambalo mwanafunzi wetu hakuliuliza: kwa nini hutafutwa watu mashuhuri kwa kazi ambayo nyuso zao hazionekani?

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1937 Walt Disney alipotoa sinema yake ndefu ya kwanza, ile ya Snow White na vijeba saba, sauti ya binti huyo ilikuwa ya msichana aliyeitwa Adriana Caselotti, mwana wa mwalimu wa kuimba. Yasemekana alilipwa dola 970 kwa kazi yote. Sinema ile ilileta mamilioni. Jina lake halikuandikwa mahali popote katika sinema, wala la wenzake waliotia sauti. Watu wote wa dunia walimjua binti wa kuchorwa. Binti wa kweli hawakumjua.

Palikuwa na fundi mwingine, Mel Blanc, aliyekufa mwaka 1989. Yeye alikuwa sungura Bugs Bunny, na bata Daffy Duck, na nguruwe Porky Pig, na wengine wengi, hata akaitwa mtu wa sauti elfu. Mwenyewe alisimulia kwamba aliomba kuongezwa mshahara, akanyimwa. Badala yake akaomba jina lake liandikwe, akakubaliwa. Mwenzake Arthur Q. Bryan, aliyemsemea mwindaji Elmer Fudd, alifanya kazi miaka mingi bila kuandikwa. Mwezi wa Januari 1961 Blanc alipata ajali mbaya ya motokari huko Los Angeles, akalala siku nyingi pasipo fahamu. Wakamwita kwa jina lake, asijibu. Mwishowe daktari mmoja akamwuliza: «Bugs Bunny, u hali gani leo?» Na yule mgonjwa akajibu kwa sauti ya sungura. Baadaye, akiwa bado amefungwa plasta karibu mwili mzima, waliuleta mtambo wa kunasa sauti nyumbani kwake, akaendelea na kazi yake akiwa kitandani.

Hatusemi kwamba watu mashuhuri hawakuonekana kabisa siku zile. Mwaka 1940 mwimbaji Cliff Edwards, aliyekuwa na sifa, alimsemea nyenje katika Pinocchio. Mwaka 1967 Phil Harris na Louis Prima walimsemea dubu na mfalme wa nyani katika The Jungle Book. Lakini njia ilifunguka wazi mwaka 1992, kwa Aladdin. Jini wa sinema hiyo alikuwa Robin Williams, mchekeshaji mkubwa. Alikubali kupokea ujira mdogo wa desturi, dola 75,000, ingawa kwa sinema nyingine alipokea mamilioni. Akataka tu jina lake na jini wake visitumiwe kupita kiasi katika matangazo, wala sauti yake isiuzie watoto vitu vya kuchezea. Baadaye alilalamika hadharani kuwa ahadi hiyo imevunjwa. Katika sinema ya pili, ya mwaka 1994, jini alipewa sauti ya mtu mwingine. Williams alirudi mwaka 1996 tu, kampuni ilipokwisha kuomba radhi. Angalieni: mtu mashuhuri mwenyewe ndiye aliyeona hatari ya jina lake.

Na hatari hiyo ikaja. Mwaka 2004, sinema ya pili ya Shrek ilipotoka, magazeti yaliandika kwamba Mike Myers, Eddie Murphy na Cameron Diaz walilipwa dola milioni 10 kila mmoja. Mwaka huohuo ikatoka Shark Tale, ambamo samaki walichorwa kwa kufanana na nyuso za wachezaji, hata papa mmoja akawekewa baka la Robert De Niro. Kwetu sisi hicho ni kichekesho kidogo. Mtoto wa Bukavu au wa Kalemie aone baka juu ya shavu la papa, atajua nini?

Lakini tuwe na haki. Huyo Mike Myers hakuuza jina bure. Sauti ya kwanza ya Shrek ilikuwa ya Chris Farley, aliyekufa Desemba 1997 akiwa amekwisha kusema sehemu kubwa ya maneno. Myers alishika nafasi yake, akasema maneno yote. Kisha hakuridhika, akaomba ayaseme tena kwa matamshi ya Uskoti, kama mama yake alivyokuwa akimsimulia hadithi utotoni. Ilikuwa gharama kubwa kwa kampuni, maana michoro mingine ilikuwa tayari. Bali yule zimwi alipata uhai kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hatumhukumu mtu kwa kuwa anajulikana. James Earl Jones alijulikana pia. Twauliza tu kama ameitwa kwa sababu ya koo lake au kwa sababu ya bango.

Sisi tuliolelewa vijijini twalijua jambo hili. Jioni, bibi alipokaa karibu na moto, alikuwa sungura, alikuwa chui, alikuwa fisi mwenye njaa. Mtoto aliyefumba macho alijua mara moja nani anasema. Hakuna aliyeuliza kama jina la bibi linajulikana ng'ambo ya mto. Sikio la mtoto halisomi mabango. Basi jina kubwa limenunuliwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili yetu sisi wazazi, tunaotoa fedha mlangoni, na kwa ajili ya magazeti yapate la kuandika. Tena jina hilo huanguka mpakani: sinema ikivuka na kuingia lugha nyingine, mchezaji wa milioni 10 hubaki kwao. Jini wa Aladdin kwa Kifaransa alisemwa na Richard Darbois, fundi wa sauti ambaye wengi hawaujui uso wake, na watoto wa Kifaransa walimpenda jini huyo sana.

Mfano wa karibu ni ule wa fundi-bomba Mario, ambaye vijana wa mjini wamjua katika michezo ya mitambo. Tangu miaka ya 1990 sauti yake ilikuwa ya Charles Martinet. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba katika sinema kubwa ya Mario atasema Chris Pratt, mchezaji mashuhuri. Sinema ikatoka mwaka 2023, ikaleta zaidi ya dola bilioni 1.3, Martinet alipewa sehemu ndogo ndogo humo, na mwezi wa Agosti wa mwaka huo ikatangazwa kuwa ameiacha sauti ya Mario hata katika michezo. Wenye mali watatuambia: tazameni fedha hizo! Tumezitazama. Lakini huko Japani Mario alikuwa na sauti ya Mamoru Miyano, wala si ya Pratt, na majumba ya sinema yalijaa vilevile.

Tungeweza kuishia hapo na kuwalaumu watu wa mbali. Dhamiri yatukataza.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, tulitayarisha mchezo wa kufunga mwaka. Hadithi ilikuwa ya wanyama. Palikuwa na mvulana, mwana wa mama muuza makaa, aliyeweza kunguruma hata mbuzi wa jirani wakakata kamba. Palikuwa na mwingine, ambaye baba yake alikuwa na malori, na jina lake lilijulikana mtaa mzima. Sehemu ya simba tulimpa huyu wa pili. Tulijiambia: baba yake atakuja na rafiki zake, watakaa mbele, watatoa kitu kwa ajili ya paa la shule. Kweli walikuja, na paa likapata mabati. Hata leo watoto hukaa chini ya mabati hayo wakati wa mvua, wala hatuwezi kusema ni kitu kibaya.

Lakini simba wetu alisema maneno yake kama mtu asomaye bei za unga. Watoto wadogo wakaanza kuongea. Ilipofika saa ya simba kuwatisha wanyama, kijana yule alifungua kinywa, na mngurumo ukatoka nyuma ya pazia. Alikuwa yule mwana wa mama muuza makaa, tuliyemweka huko kushika kamba. Hatukumwagiza, alifanya mwenyewe, nadhani kwa huruma. Ukumbi wote ukanyamaza, kisha makofi yakapigwa kwa muda mrefu. Mwana wa mwenye malori hakujua afanye nini, akainama. Nasi tulisimama pembeni tukiwa na karatasi mkononi, wala hatukumwita yule wa nyuma ya pazia atoke aonekane. Baba mwenye malori alikuwa anatabasamu, nasi tuliogopa kumharibia tabasamu lake.

Mvulana yule aliacha shule mwaka uliofuata kwa kukosa karo. Twasikia yuko stendi ya mabasi, anaita abiria.

Wewe mwanafunzi wa darasa la tano, jibu lako ni hili: uliyemsikia ni Jean Reno, na kabla yake, kwa Kiingereza, ni James Earl Jones. Majina ya wengine wote, wa kusema na wa kuchora, huandikwa mwishoni kwa herufi ndogo na hupita upesi. Hukuyaona kwa sababu sisi wenyewe tuliizima mashine, watoto wakimbilie chakula. Sinema itaonyeshwa tena Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri. Safari hii tutaiacha mpaka kioo kiwe cheusi.