Kiingilio Ni Kwacha 500, Acheni Kusimama Nje ya Turubai

Naongea na vijana wa Dzaleka, na nyinyi wa kambi zingine mnaotusoma. Leo nina jambo ambalo wengi hawatalipenda, na sitalizungusha: bendi zetu ndogo zinakufa, na wanaoziua ni sisi vijana. Siyo polisi, siyo wachungaji. Ni sisi tunaosimama nje ya turubai, tunasikiliza bure mpaka wimbo wa mwisho, halafu tunarudi nyumbani tunalalamika eti hapa kambini hakuna kitu cha kufanya.

Naongea juu ya zile shoo za Jumamosi. Hazina bango wala tangazo. Mtu anamwambia mtu, leo wanapiga nyuma ya duka la fulani. Ukifika unakuta kiwanja kimezungushiwa maturubai, jenereta inanguruma pembeni, spika mbili za kukodi, gitaa la solo, gitaa la besi, drams ambazo nusu yake fundi wa hapa hapa ndo alizitengeneza. Mlangoni kuna kijana ana daftari na kimfuko cha pesa. Kiingilio kwacha 500. Ndani wanapiga nyimbo zao wenyewe, kwa Kiswahili, Kilingala, Kirundi, Kinyarwanda, na Kichewa cha majirani zetu. Wanaimba juu ya mapenzi, juu ya deni la dukani, juu ya foleni ya mgao, juu ya rafiki aliyepanda ndege akaacha namba ya simu isiyopatikana.

Sasa mbona ndani kuna watu ishirini na nje kuna watu themanini?

Nikiuliza, napewa sababu. Tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: "Hatuna pesa." Hiyo naiheshimu, maana siku ya mgao mimi ndo yule anayepanga foleni akiwa na kibao mkononi. Nazijua familia, najua nani ana watoto sita na anaondoka na nini. Mama wa namna hiyo simuambii kitu. Akitaka kusikiliza kutoka nje, asikilize, na kiti nitamletea mimi. Naongea na wewe kijana mwenzangu ambaye Jumamosi ile ile asubuhi umeweka mkeka wa mechi tano, na mchana umenunua bando ya kuangalia video ya Fally Ipupa. Pesa ulikuwa nayo. Uliipeleka kwa kampuni ya kubeti ambayo haijui hata kama Dzaleka ipo. Kisha jirani yako, ambaye amefanya mazoezi wiki nzima kwenye chumba cha udongo chenye joto kama tanuri, unamwambia "nisaidie niingie bure, bana, si tunajuana?" Kama mnajuana, si ndo sababu ya kumlipa?

Ya pili: "Hawajui kupiga. Spika zinakoroma." Ndiyo, zinakoroma. Lakini nani amekudanganya kwamba muziki mzuri unaanza na vyombo vizuri? Kule kwetu Kinshasa kuna Konono N°1. Mzee Mingiedi na wenzake walipiga likembe, wakatengeneza vipaza sauti vyao kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Walipiga hivyo miaka mingi kwenye mitaa kabla dunia haijawasikia. Kuna Staff Benda Bilili, wengi wao walipata polio utotoni na walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu. Walifanyia mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, na kijana wao mmoja alipiga chombo cha uzi mmoja kilichotengenezwa kwa kopo. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2009, na 2010 filamu juu yao ilionyeshwa kule Cannes, Ufaransa.

Unaona hao ni wa mbali? Haya, njoo Lilongwe, kilomita 45 hivi kutoka hapa. Madalitso Band ni watu wawili tu: mmoja na gitaa na ngoma ya kupiga kwa mguu, mwingine na babatoni, lile gitaa refu la uzi mmoja la kutengeneza kwa mkono. Walianzia barabarani, wanapigia wapita njia. Leo wanapiga kwenye matamasha ya Ulaya. Yule aliyewarushia kwacha zake pale barabarani hakusubiri kwanza wafike Ulaya.

Na hili la kusema "mkimbizi hawezi" ndo linaniudhi zaidi. Kule Guinea, watu wa Sierra Leone waliokimbia vita waliunda bendi ndani ya kambi, wakajiita kwa jina lao lile lile la ukimbizi: Sierra Leone's Refugee All Stars. Albamu yao ya 2006 ilizunguka dunia. Na sisi wa Kongo tuna habari ya karibu zaidi. Remmy Ongala alizaliwa upande wa Kindu. Mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila, na Watanzania wakamwita Dokta. Maquis walitoka Lubumbashi wakafika Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo wazee wa Dar wakisikia jina hilo wanatabasamu. Hao wote walikuwa wageni wenye gitaa. Waliishi kwa sababu kulikuwa na watu waliovaa vizuri jioni, wakaenda ukumbini, wakalipa mlangoni, wakacheza. Fundi cherehani, kuli, karani. Mbona sisi tunajiona wakubwa kuliko kulipa mlangoni?

Ya tatu inatoka kwa wazee na baadhi ya wachungaji: "Ni uhuni." Shikamooni wazee wetu. Naomba niseme kwa heshima. Wapiga besi wote ninaowajua hapa kambini walijifunzia kwaya. Mikono ni ile ile inayowapigia Jumapili asubuhi. Mkiwa na wasiwasi juu ya pombe na juu ya mabinti kutembea usiku, wasiwasi huo ni wa haki, na chini nitawaambia bendi wenyewe. Lakini kijana akiwa ndani ya turubai saa tisa mchana, mbele ya macho ya watu mia, yuko salama kuliko yule mnayemwacha kwenye kibanda cha kubeti mpaka usiku. Ule si uhuni kwa sababu hauna kelele?

Ya nne ndo kubwa, na hapa najua nitaguswa na wakubwa: "Bendi zetu si zinalipwa na mashirika?"

Zinalipwa nini? Nawaambia maana fulana hiyo na mimi ninayo. Inafika tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, bendi inaitwa. Inapewa mada: nawa mikono, epuka kipindupindu, amani ni nzuri. Inapiga juani saa tatu. Wageni wanapiga picha. Mwisho, kila mpigaji anapata soda, keki na fulana yenye nembo. Mpiga drams akiuliza juu ya petroli ya jenereta, anaambiwa bajeti haikuwa na kipengele hicho, lakini "mmepata nafasi ya kuonekana". Kuonekana hakununui nyuzi za gitaa. Aliyekodisha viti siku hiyo amelipwa. Aliyekodisha hema amelipwa. Dereva amelipwa posho ya safari. Mwanamuziki peke yake ndo anaambiwa afanye kwa moyo.

Sikatai kuimba juu ya kipindupindu. Kipindupindu kinaua, na wimbo mzuri unasaidia kuliko karatasi. Lakini kazi ni kazi. Na mbaya zaidi, tabia hiyo imeingia ndani yetu. Tumezoea kwamba kila kitu kinakuja kwa kuweka dole gumba kwenye fomu, kwa hiyo kitu kisicho na nembo tunakiona si kitu. Bendi ikipiga mbele ya mgeni mwenye kamera, tunaisifu. Bendi hiyo hiyo ikipiga Jumamosi kwa kwacha 500, tunaicheka.

Hebu tufikirie tuko wapi. Dzaleka kabla ya 1994 ilikuwa gereza. Ilipangwa kwa watu elfu 10 hadi 12, leo tuko zaidi ya elfu 50. Malawi ilikubali mkataba wa wakimbizi wa 1951 kwa masharti yake, na masharti hayo yanagusa ajira na kutembea. Tangu 2023, waliokuwa wanaishi na kufanya biashara nje ya kambi walirudishwa hapa, wengine maduka yao yaliishia hapo. Siandiki haya kulia. Naandika tuone hesabu: kazi nyingi tumefungiwa. Muziki wa Jumamosi ni moja ya kazi chache ambazo kijana anaanza mwenyewe, anamuuzia mwenzake, bila kusubiri mradi uishe au uanze. Ukiharibu hiyo kwa ubahili wa kwacha 500, usije ukaniambia serikali ndo imekuzuia.

Hesabu yenyewe ni hii. Watu 60 wakilipa 500 ni kwacha 30,000. Hapo inatoka petroli, kama imepatikana. Inatoka kukodi spika. Inatoka seti ya nyuzi. Kinachobaki wanagawana, kidogo, lakini wiki ijayo wanapiga tena. Watu 20 wakilipa ni 10,000. Petroli peke yake inakula karibu yote, spika inakuwa deni. Shoo tatu za hivyo, mwenye spika anakataa. Mwezi wa pili gitaa linauzwa. Mwezi wa tatu tunasema "ile bendi ilikuwa nzuri, iliishia wapi?" Iliishia kwenye kwacha zako 500, ndugu yangu.

Najua kuna anayesema: tuna Tumaini Festival, inatosha. Tumaini naipenda. Ilianza 2014, ikaanzishwa na mwenzetu Menes La Plume, mshairi wa Kongo aliyeishi hapa hapa kambini, na imewafanya watu wa Lilongwe na wa mbali waje Dzaleka kwa miguu yao kusikiliza, siyo kutuhurumia. Lakini tamasha linakuja mara moja kwa mwaka. Huwezi kuvuna Novemba kama hukulima. Bendi inayopanda jukwaa kubwa imejifunzia wapi kushika watu? Kwenye turubai. Tukiua Jumamosi, siku moja tamasha litakuja na hatutakuwa na wa kumpandisha.

Halafu kuna kifo kingine ambacho hatuwezi kukizuia. Mpiga solo prosesi yake inakubali, anaenda Canada au Marekani. Tunafurahi, tunalia, tunamsindikiza. Nani atachukua gitaa? Ni yule mtoto wa miaka kumi anayekaa mbele kabisa, anapiga ndoo kwa vijiti akifuata drams. Mmeshamuona, kila shoo yupo. Huyo hajifunzi kwa simu, hana simu. Anajifunza kwa kuangalia vidole. Kila shoo isiyofanyika ni somo lake limefutwa.

Sasa niwaambie na bendi, maana siwatetei bila kuwaambia ukweli. Mkisema saa nane, anzeni saa nane, siyo saa kumi na moja. Maliza kabla giza halijaingia ili mabinti warudi salama, na mlevi anayeshika dada za watu atolewe hata kama ni shemeji yako. Mlangoni msiingize marafiki bure. Rafiki wa bendi ndo wa kwanza kulipa. Daftari la pesa lisomwe mbele ya wote, maana bendi nyingine zimevunjika kwa ugomvi wa elfu mbili. Na mashirika yakiwaita, ulizeni bei kabla ya kusema ndiyo. Mkiuliza bendi zote pamoja, hamtaonekana wakorofi.

Na wewe msikilizaji, nakuomba mambo matatu tu. Lipa mlangoni, hata kama mwenye mlango ni binamu yako. Ingia ndani, usimame mbele, ucheze, kwa sababu bendi inapiga vibaya mbele ya watu waliokunja mikono. Na wimbo ukikupendeza, mwambie mwenzako ambaye hakuja, ili wiki ijayo muwe wawili.

Anayepinga hesabu yangu anipinge, nitamsikiliza. Ila anipingie ndani ya turubai, Jumamosi saa nane, akiwa ameshalipa.