Sindano ya Kukomaza Mapafu Haiingilii Kazi ya Allah



Ndugu zangu, juzi baada ya swala ya alasiri kijana mmoja alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Mkewe ana mimba ya miezi saba, amelazwa, uchungu umeanza kabla ya wakati. Daktari anataka kumchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Mama wa kijana anakataa, anasema kumkomaza mtoto ni kazi ya Mola peke yake. "Shekhe, inafaa?"

Nikamwambia: "Rudi hospitali sasa hivi mwanangu, ukubali. Mengine tutazungumza baadaye." Hayo mengine ndiyo haya.

Mtoto tumboni havuti hewa. Oksijeni inamfikia kwa damu, kupitia kondo la nyuma. Mapafu yake yamejaa maji, na maji hayo yanatengenezwa na mapafu yenyewe. Lakini tangu mwezi wa tatu hivi kifua chake kinaanza kucheza kama cha mtu anayepumua. Anafanya mazoezi ya pumzi na hewa hana! Subhanallah.

Kuanzia wiki ya 24 hivi mapafu huanza kutoa ute wenye mafuta unaotanda ndani ya vifuko vidogo vya hewa. Umewahi kufungua kifuko cha barafu kilicholowa ndani? Kinagandana. Bila ule ute, vifuko vya mapafu navyo hugandana kila mtoto anapotoa pumzi. Na kwa kawaida hautoshi mpaka wiki ya 35 hivi. Kisha uchungu unapoanza, homoni za mtoto huyaamuru mapafu yaache kutoa maji, yaanze kuyanyonya. Wewe baba unapoinama kumwadhinia sikioni, kazi kubwa imeshafanyika.

Aliyewahi kuzaliwa, ute huo humpungukia. Mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani alimpoteza mwanawe Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake, kwa maradhi haya haya. Mtoto hakumaliza siku mbili. Urais haukumfaa baba yake, dawa haikuwapo. Mwaka 1972 madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, wakaonyesha kuwa mama akichomwa sindano kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Liggins alianza kuliona jambo hilo kwa kondoo.

Na sindano yenyewe ni nini? Ni dawa ya jamii ya homoni ambayo mtoto mwenyewe huitoa mimba inapokaribia kutimia. Basi kazi ya Allah imeingiliwa wapi hapo? Njia ni ile ile aliyoiweka Yeye. Si kila mama anayefaa kuchomwa, hilo aamue daktari. Lakini dawa inahitaji muda, yapata siku moja, ndipo ifanye kazi vizuri. Kila saa mnayobishana ukumbini inamuumiza mtoto.

Ngamia wa yule bedui tunamsimulia mimbarini kila mara, kisha mke akishikwa na uchungu tunamwacha bila kamba.

Nanyi waume, ruhusa itoeni leo, mbele ya mama zenu: akisikia uchungu au maji yakivuja kabla ya siku zake, aende hospitali, asingoje simu yako.

Kijana yule bado yuko wodini na mkewe. Tuwaombee.